Shimo Nililolifukia Kimamba

Kimamba, Jumatano alasiri

Mwanangu Rehema,

Mama yako amekwisha kulifunga begi lako mara tatu na kulifungua mara tatu, kwa hiyo habari za sweta, za dawa ya malaria na za kupiga simu ukifika namwachia yeye. Mimi sina maagizo. Una miaka ishirini na minne, kemia umenishinda siku nyingi, na mtu aliyepewa nafasi ya utafiti Ulaya hafundishwi na baba yake namna ya kuvuka barabara. Ninakuandikia kwa sababu kuna jambo nimelificha miaka kumi na sita, na kesho unaondoka kwenda kulifanyia kazi bila kujua kwamba lilianzia nyumbani kwako.

Wiki iliyopita uliniuliza mbona nilitoka nje ghafla ulipokuwa unanieleza hiyo kazi yako. Ulikuwa umekaa jikoni na chujio la chai na bakuli la mtama. Ukasema, Baba, chukulia kila punje hapa ni plastiki, na juu ya kila punje tumefunga iodini, ile ile ya madini joto ya kwenye chumvi. Kwa kawaida iodini ikiungana na wenzake hushika mkono mmoja tu, ukasema, lakini hii tumeilazimisha ishike mitatu, nyingine mitano, na ndiyo maana ina hasira ya kuoksidisha. Ukiitia kwenye alkoholi inainyang'anya hidrojeni mbili, alkoholi inageuka aldehidi, na iodini inarudi kuwa mpole. Kisha ukamimina mtama na maji kwenye chujio. Maji yakapita, mtama ukabaki. Ukaniambia yaliyopita ndiyo mali unayoitaka, safi kabisa, na zile punje unazirudishia nguvu yake na kuzitumia tena. Nikakuuliza taka zake mnamwaga wapi.

Ukacheka. "Hakimwagwi kitu, Baba. Ndiyo raha yake."

Nikatoka. Ulidhani nimepaliwa na vumbi la mtama. Nilikuwa nyuma ya choo, nimeshika ukuta, nalia kama mfiwa.

Unajua nilikuwa msaidizi wa maabara shule ya sekondari ulipokuwa mdogo. Watu waliniita Mwalimu ingawa sikuwahi kufundisha hata siku moja, kazi yangu ilikuwa kuosha chupa na kupima asidi. Mshahara haukutosha sukari, hata pale sukari yenyewe ilipopatikana. Kisha zikaja siku za ruksa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa sabuni za nje zenye kunukia, na kila mwenye akili ya biashara akataka kutengeneza ya kwake. Mfanyabiashara mmoja, nitamwita Fadhili ingawa silo jina lake, akakodi ghala bovu la katani pembeni ya reli, akanitafuta. Alikuwa na mapipa ya mafuta ya mchaichai wa porini, ule usionukia limau, na alitaka harufu ya limau ya kutia kwenye sabuni. Nikamwambia inawezekana. Ndani ya mafuta yale mna alkoholi, na ukiioksidisha vizuri inatoa harufu ya limau. Kwa hiyo kazi yako ndiyo iliyokuwa kazi yangu, mwanangu. Tofauti ni kwamba mimi nilitumia baikromati, ile chumvi ya kromi yenye rangi ya chungwa, pamoja na asidi ya salfa.

Wiki ya kwanza pipa lilichemka lenyewe bila moto likanitemea. Kovu la kifuani ambalo siku zote nilikwambia ni la uji, ni la siku hiyo. Na yale mashimo madogo ya mikononi, uliyokuwa ukitia ncha ya kidole chako na kuuliza nani amenitoboa, nilikwambia ni tetekuwanga. Ni kromi. Kromi inakula nyama polepole, haina haraka.

Nilikuwa najua namna ya kuishughulikia taka yake. Niliwahi kuwakaripia wanafunzi waliotaka kuimwaga kwenye sinki. Unaiua kwanza, kwa chuma au kwa sukari, mpaka rangi ya chungwa iishe na kuwa kijani, kisha unatia chokaa, unaiacha itulie. Inataka siku mbili na pipa tupu. Fadhili hakuwa na siku mbili wala pipa tupu, lakini simtupii yeye lawama, maana yeye hakuijua kromi na mimi niliijua. Nikachimba shimo ukingoni mwa mkonge wa zamani, upande wa mbuga inayoelekea Kilangali. Nikamwaga humo kwa miezi minne. Lilipojaa nikalifukia, nikalishindilia kwa miguu, nikapanda juu yake mche wa mkonge. Nikarudi nyumbani nimeridhika.

Hapo ndipo nilipokosea kosa la mtu wa jembe. Sisi kitu kikishafukiwa tunahesabu kimekwisha. Sikujua ng'ombe. Sikujua kwamba ng'ombe wa kiangazi hutamani chumvi kuliko majani, na kwamba mfugaji humtembeza siku nzima kutafuta ardhi yenye magadi, naye ng'ombe akiipata huichimba kwa kwato na kuilamba mpaka ulimi uchubuke. Mvua za masika zililoweka shimo langu. Jua lilipokuja likavuta chumvi zote juu, ardhi ikafanya ukoko mweupe wenye michirizi ya njano.

Kulikuwa na mfugaji wa Kiparakuyo anaitwa Kaika, ambaye mkewe alikuwa akituletea maziwa wewe ukiwa na miaka minane. Alikuja ghalani ameshika bonge la udongo ule kwenye kiganja. Alikuwa ameuonja kwa ncha ya ulimi akatema. Akanisalimia, akauliza habari zako, kisha akaninyooshea kiganja.

"Mwalimu, wewe unajua madawa. Huu ni magadi?"

Niliuona ule unjano. Sikuhitaji kuupima. Fadhili alikuwa amesimama mlangoni, na nilijua nikisema ni sumu swali la pili litakuwa ni ya nani. Niliogopa kazi, Rehema. Niliogopa kurudi kuosha chupa.

"Udongo tu, ndugu yangu," nikasema.

Akanishukuru akaenda zake.

Siku mbili baadaye ng'ombe wake kumi na watatu walikuwa wamekufa. Nilikwenda kuwaona kwa sababu kila mtu alikwenda. Walikuwa wametapakaa njiani kutoka mbugani, damu inatoka puani na nyuma, wengine bado wanapiga miguu. Jike moja lilikuwa na mimba, na ndama alikuwa akitikisika tumboni mwake baada ya mama kuwa amekwisha kufa. Kaika alimpasua mmoja kwa sime ili aone ndani, na utumbo ulikuwa umeungua, unachanika kwa kushikwa. Wazee wao waligeuka wakatazama upande wa mashamba. Wiki ile wakulima wa pale walikuwa wamepata dawa mpya ya wadudu, na ng'ombe walikuwa wameingia mara mbili kwenye nyanya, na maneno mabaya yalikuwa yamekwisha kurushwa pande zote mbili. Hawakuhitaji kufikiri sana.

Mjomba wako Athumani, kaka wa pekee wa mama yako, ndiye aliyekuwa na shamba la nyanya karibu na mbuga. Walimkuta asubuhi anapuliza dawa, bomba liko mgongoni. Kwao huo ulikuwa ushahidi tosha. Rungu la kwanza lilimvunja taya, hata angetaka kusema asingeweza. Alijaribu kukimbia na bomba likamlemea, mikanda haikufunguka. Walimpiga mkuki juu ya bomba, bomba likapasuka, dawa na damu vikachuruzika pamoja kwenye matuta. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Wewe ulikuwa unampenda kuliko unavyonipenda mimi, na ulikuwa na haki.

Mimi ndiye niliyemwosha. Mama yako aliniomba, akasema hataki mikono ya mtu baki. Nilimfunga taya kwa kitambaa, nikamwagia maji upande wa kulia kisha wa kushoto kama tulivyofundishwa, na mashimo ya kromi mikononi mwangu yakawa yanawaka kwa karafuu maiti. Nilijua nani kamuua. Nilimaliza kumwosha, nikamvisha sanda, nikatoka nje nikapokea pole.

Tulipotoka makaburini pembe ilipigwa. Wanaume walikusanyika na mapanga na galoni za mafuta ya taa. Mimi nilikuwa mbele. Watu walinisifu baadaye, wakasema Mwalimu kumbe ni mwanamume, damu ya shemeji imemuuma. Tulifika kwenye maboma ya wafugaji wakati vijana wao hawapo. Tukachoma. Nyumba za udongo na samadi haziwaki upesi, zinafuka kwanza, na waliokuwa ndani walitoka wanakohoa, tukawapiga walipokuwa wakitokea, wazee kwa wanawake. Sitakuandikia yote. Kuna bibi mmoja alikufa mlangoni kwake na sikumgusa mimi, lakini nilikuwa nimesimama pale, na kibiriti kilitoka mfukoni mwangu.

Kaika alikuwa zizini anakata kamba za ndama ili wasiungue. Hakuwa na silaha isipokuwa kile kisu cha kukatia kamba. Aliniona, akasema, "Mwalimu," kwa sauti ya mtu aliyepata nafuu, kama vile nimekuja kumsaidia. Nilimkata. Panga la kwanza liliondoa vidole vitatu vya mkono wa kulia, la pili likaingia begani. Nataka ujue jambo hili kuliko mengine yote ya barua hii. Sikumkata kwa uchungu wa Athumani. Nilimkata kwa sababu duniani kote ni yeye peke yake aliyeniuliza kuhusu udongo ule, na nilitaka aliyeuliza asiwepo. Ningepiga la tatu, ila paa lilianguka na moshi ukatutenganisha.

Polisi walikuja, wakachukua vijana wa pande zote mbili, wengine wakafungwa miaka. Mimi sikufungwa. Kikao cha suluhu kilifanyika Kilosa, watu wakashikana mikono, nami nikashika. Fadhili alifunga ghala akaondoka bila kuaga. Ndipo nikaenda kulifukua lile shimo, usiku wa siku tatu mfululizo, na vyuma chakavu na sukari na chokaa, nikafanya kazi ya siku mbili ambayo ilikuwa ifanyike miezi mingi kabla. Pua yangu ilitoboka ndani kwa kuvuta vumbi lile. Hiyo ndiyo filimbi unayoisikia nikilala, uliyokuwa ukiiga na kunichekea.

Kisha nikawa baba mwenye mkono mwepesi. Mwenye kovu usidhani kapoa. Unakumbuka ulipokuwa kidato cha pili, siku ile ya mkanda. Ulikuwa unakula na daftari pembeni, ukasema kwa furaha ya mtoto aliyegundua kitu, Baba, kumbe kromi ni sumu, sasa ng'ombe akiilamba si anakufa. Uliuliza ng'ombe kwa sababu huku kwetu kila mfano ni ng'ombe au mahindi. Nilikuchapa mpaka mama yako akaning'ang'ania mkono kwa meno. Hujui mpaka leo ulikosea nini, na usiku ule ulikuja mlangoni ukaniomba msamaha, nami nikaupokea. Hilo peke yake lingetosha kunitupa motoni. Baada ya pale hukuacha kemia, uliishika kwa nguvu zaidi, lakini hukuniuliza tena swali lolote la kemia hadi wiki iliyopita na mtama wako.

Kwa hiyo unielewe nilivyosikia uliposema hakimwagwi kitu. Nilifurahi kwa ajili yako na nikaona wivu mkali sana. Ningekuwa na gunia moja la punje zako wakati ule, mjomba wako angekuwa hai, na watoto wakubwa.

Lakini ulisema pia, ukipita haraka, kwamba ile dawa ya iodini isipofungwa kwenye punje inaweza kulipuka, ukiigonga au ukiipasha moto. Ukasema ikifungwa inatulia. Sina elimu ya kukupinga. Nimeishi na kitu kilichotulia ardhini nikakiona kinapanda juu, basi siku za kwanza huko niruhusu niogope kwa niaba yako. Punje nazo zitasagika. Siku moja zitachoka, zitakuwa vumbi, hazitapokea tena nguvu, na mtu mwenye haraka atakwambia tupa tu, ni plastiki. Siku hiyo tafuta mtu wa mahali pale asiyejua kemia, mwenye mifugo au mwenye kisima, umuulize yeye udongo wa kwao unafanya nini mvua zikiisha. Mimi sikuuliza, na aliponiuliza yeye nikamdanganya. Sina fundisho jingine la kukupa zaidi ya hilo, mengine ungeyapata kwa yeyote.

Sasa kuhusu Kaika. Unamfahamu. Ni yule mzee mlinzi wa nyumba ya wageni pale Mikumi, barabarani, ambaye tangu uko sekondari ulikuwa unampa shikamoo na kumwachia mizigo yako ukisubiri basi. Alikuwa akikupokea kwa mkono wa kushoto na wewe ulidhani ni mazoea yao. Baada ya ng'ombe kwisha hakupata wengine. Miaka yote hiyo nimepita Mikumi nikiwa upande wa pili wa barabara.

Jumapili nilivuka. Nilimkuta amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, nikamwamkia ingawa tunalingana umri, nikakaa chini. Nikamwambia yote, kuanzia ghala. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, magari yanapita.

"Mkono nilijua ni wewe," akasema. "Nikasema ni sawa, amefiwa na shemeji yake, vita ni vita. Nilikwisha kukusamehe siku nyingi." Akautazama ule mkono. "Lakini Mwalimu, mimi nilikuja nikakuuliza."

Akaniuliza kama dada wa marehemu anajua. Nikasema hajui. Akainuka, akasema basi mimi bado sijasema kitu, niende nikamwambie yeye kwanza, na Ijumaa baada ya swala nirudi, atawaita wazee wa kwao nami nilete wa kwetu.

Nimemwambia mama yako leo saa nne asubuhi. Wewe ulikuwa umetoka kwenda kuaga watu, naye alikuwa anakukaangia maandazi ya safari. Sikupanga maneno, niliyatoa kama yalivyokuja, na yeye alikuwa ameshika kijiko cha kuepulia muda wote. Nilipofika kwa Athumani alikaa chini. Aliniuliza swali moja tu, kama nilikuwa najua tayari wakati ninamwosha. Nikasema ndiyo. Akasimama akaendelea kukaanga, na hakuunguza hata andazi moja.

Saa sita aliniletea karatasi hizi na kalamu yako. Akasema nikuandikie lote, nisipunguze, naye atasoma kabla ya kufunga bahasha. Akasema kesho atakusindikiza yeye, mimi nibaki. Nguo zangu ziko kwenye kiroba pembeni ya mlango, sijui kama ni yeye ndiye aliyeziweka au ni mimi. Nitalala kwa baba yako mdogo mpaka Ijumaa, na baada ya Ijumaa nitakuwa pale watakaponiweka.

Nilimwomba akupe barua asubuhi, hapa nyumbani, ili ukitaka kunitukana unitukane usoni. Alikataa. Alisema ukisoma hapa hutapanda basi, utabaki kunililia au kunipigania, na mwanawe hatapoteza safari kwa ajili yangu kama kaka yake alivyopoteza maisha. Atakupa dirishani, Mikumi, basi likishaanza kuondoka. Amechagua pale kwa makusudi, kwa sababu ukitoka Mikumi unaingia mbuga ya wanyama, kuna simba na nyati, na dereva haruhusiwi kumshusha mtu.

Baba yako,
Salehe